Mwenyekiti Aliyepisha Kiti

Mheshimiwa Katibu Tarafa, mgeni wetu wa heshima; Mheshimiwa Kasmiri Mhoja, Mwenyekiti mpya wa Baraza la Mji Mdogo wa Mwang'holo; Bwana Paschal, Afisa Mtendaji wa Mji; waheshimiwa wajumbe, mliorudi na mlioingia kwa mara ya kwanza, padre wetu na wachungaji wetu, wazee wangu, mama zangu wa sokoni mliofunika meza zenu ili mje hapa, na ninyi vijana mliojaa madirishani: mwadila!

Mmeitikia vizuri. Sasa tukae.

Naitwa Generoza Limbu. Wengi mnanijua kwa mashine yangu ya kusaga kule barabara ya Lamadi, na wengine mnanijua kwa vumbi la unga ninalotembea nalo kichwani. Leo nimeombwa niseme kwa niaba ya familia ya Mzee Athanasi Limbu, Mwenyekiti tunayemuaga leo, kwa niaba ya mama yetu Philomena aliyeketi pale mbele, na kwa niaba ya ndugu zangu. Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba maneno yawe mafupi na yawe ya shukrani. Baba naye asubuhi, akifunga vifungo vya shati lake, aliniambia, "Generoza, sema asante, halafu ukae." Ya shukrani nitayasema. Ya ufupi nitajitahidi.

Kadi ya mwaliko mliyoletewa inasema Mwenyekiti anastaafu. Waheshimiwa, baba yangu hakustaafu. Kitongoji chake kilimkataa kwenye kura, na Baraza jipya likamchagua Mheshimiwa Kasmiri. Hakuna aibu katika hilo, na sioni kwa nini tulifiche kwenye kadi. Aliyeshinda yuko meza kuu, aliyeshindwa yuko meza kuu, na aliyepanga viti amekuwa na akili ya kumweka Katibu Tarafa katikati yao. Naona mnacheka. Afadhali mcheke, maana tangu tuingie humu ukumbini hewa imekuwa nzito, na kila mtu anatazama kama hawa wawili watapeana mikono.

Ninachotaka kusema ni namna baba alivyokikalia kile kiti.

Kabla ya uongozi alikuwa dereva wa lori la ushirika, akibeba pamba kutoka huku kwetu kupeleka kiwandani. Baraza aliliendesha kama alivyoendesha lile lori: polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, na hapandishi mtu njiani hata kama ni shemeji yake. Nanyi mnakumbuka jinsi mji huu ulivyogeuka tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi. Mwanzoni palikuwa na mnunuzi mmoja na mizani moja. Kufumba na kufumbua, kila mwenye ukuta unaotazama barabara akautoboa akaweka mlango wa duka. Huyu anataka baa, yule anataka gesti, yule bucha, yule stoo ya mbolea, yule kituo cha mafuta mbele ya dirisha la jirani yake. Yote hayo yalikuwa yanatua kwenye meza ya Baraza. Mtu akisikia "kubadilisha matumizi ya kiwanja" anadhani ni maneno ya kusinzia. Mimi nawaambia, nimeona ndugu wakiacha kuzikana kwa sababu ya maneno hayo.

Na mimi nilikuwa mmoja wa waombaji.

Mimi na mume wangu Josia tulikuwa na kiwanja karibu na stendi. Kiwanja cha makazi. Tukanunua mashine ya dizeli ili akina mama wa katikati ya mji wasiende mbali kusaga, nami nikaomba nibadilishiwe matumizi. Kamati ya Ardhi ikapitisha. Baba yangu ndiye Mwenyekiti. Niambieni, mama zangu, nani kati yenu angelala na wasiwasi? Siku ya kikao nilivaa nguo yangu ya kanisani nikakaa benchi la nyuma, pale wanapokaa wananchi, nikisubiri kusikia jina langu.

Jina likatajwa. Baba akavua miwani, akasimama, akasema, "Waheshimiwa, ajenda hii ni ya binti yangu. Nawapisha." Akamwachia kiti Makamu wake, Mheshimiwa Kasmiri huyu huyu, akatoka nje. Mimi kwa dirisha nikamwona amesimama juani pembeni ya baiskeli yake, mgongo ametugeuzia, kama mtu anayemsubiri abiria.

Ndani mjadala ukawaka. Wengine walisema mji unahitaji mashine. Mzee Marcelo wa Kitongoji cha Mlimani, ambaye nashukuru yupo hapa leo, alisema mashine ya dizeli itawanyima usingizi watoto wa jirani, na kwamba tukianza na binti wa Mwenyekiti, kesho kila mtu ataweka injini uani kwake. Kura zikapigwa. Nikakosa kwa kura moja. Waheshimiwa, kura moja! Ile iliyokuwa imesimama juani pembeni ya baiskeli!

Baba aliporudi ndani, Makamu akamwambia, "Ombi limekataliwa, Mwenyekiti." Baba akaandika, akafungua ukurasa, akasema, "Ajenda inayofuata."

Nitawaficha nini? Nilimchukia. Mashine yangu ilikaa uani chini ya turubai, kuku wakataga juu ya injini, nami sikukanyaga kwa wazazi wangu msimu mzima wa pamba. Nikikutana na baba barabarani nilikuwa natazama dukani. Watu nao hawakunisaidia. Kwenye foleni ya maji walikuwa wanasema, tena kwa sauti, "Mwenyekiti gani huyu asiyeweza kumsaidia hata mwanae wa kumzaa?" Mama yangu yuko hapa, atanisahihisha nikikosea. Yeye alimuuliza mezani, "Athanasi, ulitoka nje kufanya nini? Kukojoa?"

Baba akamjibu, "Ningebaki, Generoza angepata kibali, na mimi ningekosa mdomo."

Mama aliponiletea jibu hilo nyumbani kwangu nilizidi kukasirika. Mdomo wa nini? Mdomo unasaga mahindi? Tukahamishia mashine barabara ya Lamadi, kwenye eneo ambalo Mji ulitenga kwa viwanda vidogo, na kwa muda mrefu wateja wangu walikuwa wachache na wenye miguu yenye nguvu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mnajua nitaifikia.

Nyuma ya stendi yetu kuna eneo la wazi. Kwenye ramani ya mji limeandikwa hivyo hivyo, eneo la wazi, na mgeni akilitazama ataona vumbi tupu. Lakini hapo ndipo Mayu Nyanjige na wenzake wanapopanga dagaa wanaotoka Lamadi na Kalemela, hapo ndipo waendesha mikokoteni ya ng'ombe wanapofungua nira, na hapo ndipo tulipowaweka waombolezaji wakati kipindupindu kilipotupiga na nyumba hazikutosha. Mheshimiwa Kasmiri aliomba eneo hilo ajenge ghala la pamba na uwanja wa kupimia uzito wa magari.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu sitaki mtu atoke akisema binti wa Limbu alikuja kumchafua mtu mbele ya mgeni. Ombi lile halikuwa la kijinga. Wakulima walikuwa na pamba ndani ya nyumba, wanalala juu yake, wanunuzi wanapita na kwenda miji mingine yenye maghala. Mheshimiwa ana malori, ana leseni ya kununua, na alikuwa tayari kuajiri vijana wetu. Watu wengi walilitaka ghala hilo. Mume wangu Josia alilitaka, na tulibishana naye hadi chakula kikapoa.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mimi nilikuwepo, nimekaa na akina mama wa dagaa, ingawa mimi na baba hatukuwa tumesalimiana. Nje palisimama lori limejaa vijana wanaoimba. Sijui nani aliwaleta, na sitasema nisichokijua. Ninachojua ni kwamba walikuwa wanapiga bodi la lori kwa viganja, na mabati ya ukumbi huu yalikuwa yanaitikia.

Ajenda ikasomwa. Baba akavua miwani. Akasema, "Mheshimiwa Makamu, ajenda hii ni yako. Naomba utupishe."

Mheshimiwa Kasmiri akajibu akiwa amekaa, "Sipishi. Mimi ni mjumbe halali, nimechaguliwa na watu."

"Hata mimi nilikuwa mjumbe halali siku ya mashine."

"Hiyo ilikuwa hiari yako, Mwenyekiti. Na nikitoka natoka na wenzangu, akidi inavunjika, hakuna kikao."

Kwa wasiojua, akidi ni idadi ya wajumbe ambayo ikipungua Baraza haliwezi kuamua lolote. Wajumbe kadhaa wakaanza kukusanya makaratasi yao. Bwana Paschal, wewe ulikuwa umeshika kalamu, ukaacha kuandika. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mwenyekiti, tuendelee tu, mbona jambo dogo." Na baba, ambaye ninyi nyote mngetegemea apige meza, alikunja mikono akasema, "Basi tutasubiri."

Tukasubiri. Mmewahi kukaa kwenye ukumbi uliojaa watu, jua limesimama juu ya mabati, nje watu wanaimba jina la mtu mmoja, na hakuna anayesema neno? Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Mayu Nyanjige alinishika mkono akauminya mpaka vidole vikafa ganzi, akaninong'oneza, "Baba yako watamuua." Nami niligundua pale pale kwamba ile hasira yangu yote sikuwa nayo tena. Nilikuwa naogopa tu. Nilikuwa namtazama mzee mwenye mvi, shati limelowa, amekunja mikono, na sikujua atatoka mlango gani.

Aliyeuvunja ule ukimya ni Mzee Marcelo. Marcelo aliyenikata mimi! Marcelo ambaye ana pamba nyingi kuliko wengi wetu na alilitaka ghala lile kwa moyo wote. Alisimama akiegemea fimbo yake, akasema, "Kasmiri, siku ile mwenzako alitupisha. Tukamkata binti yake, na wewe ndiye uliyekalia kiti. Mimi nataka ghala lako. Toka, nikupigie kura. Ukibaki humu, mimi sipigi."

Mheshimiwa Kasmiri akamtazama Marcelo. Akawatazama waliokuwa wamekusanya makaratasi, nao wakaanza kuyarudisha mezani, mmoja mmoja, bila kumtazama usoni. Akasimama. Kiti chake kikaanguka, na hakukiokota. Akatoka.

Kura zikapigwa. Marcelo aliinua mkono wake kuunga mkono ghala, kama alivyoahidi. Lakini wengi walisema eneo la wazi libaki wazi, na Kamati imtafutie Mheshimiwa kiwanja kingine. Humu ndani akina mama walitaka kupiga vigelegele, baba akawanyamazisha kwa mkono. Maana nje lori bado lilikuwa linapigwa, na wale vijana walikuwa hawajajua.

Tulifikiri atamtuma karani akatangaze. Tulifikiri atapitia mlango wa nyuma, na Bwana Paschal alishaufungua. Baba alipitia huu wa mbele. Sisi wa mabenchi ya nyuma tukamfuata bila kuambiana, Mayu Nyanjige kushoto kwake, mimi kulia. Mheshimiwa Kasmiri alikuwa amesimama kivulini pembeni ya lori. Vijana wakaona sura zetu wakajua, na nyimbo zikakatika. Mmoja alikuwa ameshika jiwe. Sitamtaja, leo ni baba wa mtoto.

Baba alikwenda mpaka mbele ya Mheshimiwa, karibu kama nilivyo mimi na meza hii. Akasema, "Mheshimiwa, ombi lako limekataliwa. Karibu ndani, kuna ajenda ya machinjio na tunakuhitaji."

Basi.

Na hapa, ndugu wageni, nataka kumsifu Mheshimiwa Kasmiri Mhoja, na namsifu kwa dhati. Neno lako moja tu lingetosha siku ile. Ungetazama tu upande wa lori, tungekuwa na msiba. Wewe ulijifuta uso kwa leso, ukawaambia wale vijana, "Nendeni nyumbani." Ukarudi ndani. Ukaokota kiti chako. Ukachangia ajenda ya machinjio, na tena ulichangia vizuri. Bomba la maji pale machinjioni ni wazo lako. Watu husimulia jinsi ulivyotoka kwa hasira. Mimi nasimulia jinsi ulivyorudi.

Jioni ile nilikwenda kwa wazazi wangu. Nilipiga magoti nikamsalimia baba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yeye aliniangalia, akaniuliza, "Mashine inakula dizeli kiasi gani siku hizi?" Nikamwambia. Akasema, "Nozeli ya mafuta hiyo. Kesho nitakuja niiangalie." Na akaja. Tangu hapo wateja wangu wanaweza kushuhudia kwamba mashine ile, ikikohoa, anayeitwa kwanza si fundi.

Sasa ghala. Niseme ukweli wote. Kiwanja kingine hakijapatikana hadi leo, na msimu ule wanunuzi walitupita. Wakulima walipeleka pamba mbali kwa mikokoteni, ng'ombe wakakonda, na mvua iliwakuta wengine njiani. Wengi waliokuwa wamelala juu ya pamba yao walimkumbuka baba yangu siku ya uchaguzi, na siwalaumu. Siku matokeo yalipotangazwa tulikaa naye uani, mama analia, naye akasema, "Inawezekana kwenye ghala nilikosea. Kwenye kupishana sikukosea." Akaomba maji ya kunywa.

Hiyo ndiyo shukrani yangu, baba. Sikushukuru kwa kuwa ulikuwa sahihi kila mara. Nakushukuru kwa sababu ulianza na mimi. Ungeanza na mtoto wa mtu mwingine, tungekuita mwonevu, na leo usingekuwa na uso wa kukaa meza ile.

Mama, asante kwa kuvumilia kucheka kwa watu. Mzee Marcelo, nimekusamehe mashine. Watoto wa jirani nasikia wamelala vizuri. Bwana Paschal, asante kwa shuka na blanketi mlizomzawadia mzee. Mheshimiwa Katibu Tarafa, asante kwa kuja.

Naona mshereheshaji anasogea. Nabakiza jambo moja.

Mheshimiwa Mwenyekiti mpya. Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya Mji, ajenda za kikao kijacho zimeshabandikwa. Eneo la wazi nyuma ya stendi limo tena, na jina la mwombaji ni lako. Kulirudisha ombi ni haki yako. Pengine safari hii Baraza litakubali, na pengine litakuwa limefanya vyema. Pamba bado iko ndani ya nyumba zetu. Sikuombi uliache. Nakuuliza neno moja, mbele ya mgeni wetu na mbele ya huyu aliyekuwa anakalia kiti hicho: ajenda hiyo ikisomwa, utawapisha?

Tafadhali usizime kipaza sauti. Baba, nimekuona. Nakaa sasa hivi, baba, niache nipate jibu.

Tulieni. Vijana wa madirishani, tulieni! Mheshimiwa amesimama. Mpeni heshima yake, tumsikie.

Nimesikia, Mheshimiwa. Waliokaa nyuma huenda hawakusikia, nitarudia kama alivyotamka, bila kuongeza wala kupunguza. Amesema, "Tutaona."

Nakushukuru kwa kunijibu, tena ukiwa umesimama. Na umesema kweli. Tutaona. Vikao vya Baraza ni vya wazi, na mabenchi ya nyuma ni ya wananchi. Mayu Nyanjige amenyoosha mkono pale, anasema siku hiyo hapangi dagaa. Mimi siku hiyo sisagi. Wenye pamba watakuja, wasio na pamba watakuja, na mzee huyu atakuja kukaa nasi kule nyuma, kama mwananchi yeyote. Tutaona sote, kwa macho yetu.

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyoomba. Nawashukuru sana. Naketi.